Kupita Tope Si Kufika

Wenzangu wa ualimu, hili mnalijua. Masika yakikolea, bajaji inaishia kwenye lami, na anayekwenda TP kule bondeni upande wa Ruvuma anasubiri Land Cruiser. Mwaka jana tulipanda moja, watu kumi na mmoja. Dereva alijisifu kwamba gari lake "limefunguliwa miguu". Kweli bwana, lilipita makorongo tairi moja likiwa juu na jingine chini, yote yanagusa ardhi. Tukampigia makofi.

Jioni tulipoipata lami, mbuzi akakatiza. Dereva akakanyaga breki, pua ya gari ikavutwa upande mmoja hadi nje ya barabara. Hakuna aliyeumia sana, ila mimi nilibaki na nundu kichwani na swali.

Swali nikalipeleka kwa fundi jirani yangu hapa Chikongola. Akaniita tuchungulie chini ya gari alilokuwa analitengeneza. Land Cruiser za familia ya 70 zilizotoka kuanzia 1999 zina springi za koili mbele, na mikono miwili inayoishika ekseli. Kila mkono umefungwa kwenye ekseli kwa bolti mbili zenye bushi za mpira, na ncha yake ya pili imefungwa kwenye chasisi. Tairi moja likipanda na jingine likishuka, mikono hiyo inataka kuipinda ekseli kama mtu anayekamua kanga. Ekseli ni chuma, haikamuliki. Bushi ndizo zinazokubali, tena kidogo tu. Zikifika mwisho, tairi linaning'inia hewani na kuzunguka bure.

"Sasa mwalimu, hapo ndipo wanapochomoa bolti moja ya mkono mmoja," akaniambia. "Wengine wanakata mikono na kuichomelea vipande ili irefuke."

Ekseli inapata uhuru, sawa. Lakini ukifunga breki, nguvu ambayo mikono miwili ilikuwa inasaidiana kuibeba inamwelemea mmoja. Na kama mkono umechomelewa vibaya, ukikatika kwenye mwendo mkali usukani hautakusaidia.

Najua jibu la wenye magari: barabara mbovu, bila hivyo walimu mtatembea kwa miguu. Ubovu wa barabara si kosa lao, nakubali. Na anayejiendea peke yake polepole kwenye mchanga wa Msimbati, afanye atakavyo. Gari la abiria linalorudi kwenye lami ni habari nyingine. Kwa hilo fundi ana dawa rahisi: bushi mpya, upepo wa tairi upunguzwe kwenye mchanga na ujazwe tena kabla ya lami, na dereva ashuke kulitazama korongo kabla ya kuliingia.

Msimu wa TP unakuja. Naiomba serikali yetu ya wanafunzi, kabla ya kukodi gari lolote, impeleke fundi achungulie chini. Bolti zote zipo? Mikono ina alama za kuchomelewa? Ni kazi ya dakika kumi, na soda ya fundi nitanunua mimi.