Lengo Si Utabiri: Dhana za Ukuaji katika Sera ya Tabianchi

Katika mijadala ya tabianchi, tarakimu hupewa heshima ambayo aghalabu hazistahiki. Mwananchi huelezwa kwamba kufikia mwaka fulani nchi itatoa tani kadha wa kadha za gesijoto, naye hukubali kana kwamba amesomewa mizani ya sokoni. Ilhali mlinganyo utumiwao sana, uliopewa jina la mtaalamu wa Kijapani Yoichi Kaya (jina lisilo na nasaba yoyote na kaya za Wamijikenda), huzidisha mambo manne: idadi ya watu, pato la kila mtu, nishati inayozalisha pato hilo, na kaboni iliyomo katika nishati yenyewe. Mawili ya mwisho hubishaniwa na wahandisi. Mawili ya kwanza hupitishwa kimyakimya, nayo ndiyo yenye siasa.

Kenya inatoa mfano bayana. Ruwaza ya 2030, iliyozinduliwa mwaka 2008, iliweka lengo la uchumi kukua kwa asilimia 10 kila mwaka. Hapana ubaya kuwa na lengo. Ila wapangaji wa umeme walilichukua lengo hilo wakaligeuza utabiri: mpango wa mwaka 2011 ulikadiria kwamba kilele cha mahitaji kingefika takriban megawati 15,000 mwaka 2030. Tangu 2008 uchumi haujakua kwa asilimia 10 hata mwaka mmoja, na mwaka 2023 kilele hakikuwa kimefika megawati 2,500. Hata hivyo, matarajio ya aina hiyo ndiyo yaliyoupa uhalali mradi wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 huko Lamu, ambao leseni yake ya mazingira ilibatilishwa Juni 2019 kwa kuwa, miongoni mwa sababu nyingine, wenyeji hawakushirikishwa ipasavyo.

Ahadi za kimataifa nazo zina kitendawili chake. Mwaka 2015 Kenya iliahidi kupunguza gesijoto kwa asilimia 30 ifikapo 2030. Mwaka 2020 ikapandisha hadi 32. Asilimia 32 ya nini? Si ya kiwango kilichopimwa, bali ya tani milioni 143 zilizokisiwa kwamba zingetolewa iwapo hatua zozote hazingechukuliwa. Zinazobaki ni tani milioni 97 hivi, ilhali mwaka 2010 nchi ilikadiriwa kutoa milioni 73. Kupunguza huku, basi, kunaruhusu kuongeza. Aidha, uchumi ukijikokota, ahadi hukaribia kutimia yenyewe, na umaskini ukahesabiwa kuwa ufanisi wa sera.

Wapo watakaodai kwamba nchi maskini sharti iachiwe nafasi ya kukua. Wana haki, mchango wa Kenya katika ongezeko la joto duniani ni mdogo mno. Lakini nafasi hiyo na iombwe waziwazi, isifichwe ndani ya modeli. Kiswahili hakina taabu kutofautisha lengo, kisio na utabiri. Nyaraka za Kiingereza ndizo zilizoyachanganya. Mkazi wa Amu anapoitwa barazani kutoa maoni kuhusu mtambo, anastahili kuelezwa kwanza, kwa lugha aielewayo, ni ukuaji wa asilimia ngapi ulioingizwa katika hesabu na ni nani aliyeuchagua.