Kasuku hajarogwa, hana kazi

Wadau, leo siasa naiweka pembeni kidogo. Jumapili nilikuwa Tabata kwa baba mdogo, nikala pilau la nguvu, halafu nikakaa kumtazama kasuku wake. Ni yule wa kijivu mwenye mkia mwekundu. Alikuja akiwa kinda, mimi niko sekondari, kaletwa na dereva wa malori ya Kongo. Mambo ya vibali sikuuliza, nilikuwa mtoto.

Sasa hivi kifua chake chote ni ngozi tupu, utadhani kuku aliyeandaliwa kwa supu. Anajinyonyoa mwenyewe. Mama mdogo anasema kachezewa na jirani. Fundi aliyekuja kutengeneza feni akasema ni uzee. Uzee gani jamani? Ndege hawa wakitunzwa wanafika miaka 40 na zaidi.

Nikamwambia baba mdogo, kwa heshima zote, kwamba ndege wake hajarogwa, hana kazi. Akanuna.

Hebu litazameni tundu lenyewe. La mviringo, rangi ya dhahabu, lilinunuliwa Kariakoo kwa sababu linaendana na makochi. Ndani kuna kijiti kimoja cha plastiki, bakuli la maji na bakuli la alizeti. Basi! Akija mgeni, kasuku anaamrishwa aseme "karibu". Mgeni anacheka, soda zinaletwa, ndege anasahauliwa mpaka mgeni mwingine. Tunamtaka aseme, kama anaishi au haishi hayatuhusu.

Porini, kuanzia Ghana kupita misitu ya Kongo mpaka Uganda, ndege huyu anaishi kwenye kundi. Anaruka kilomita nyingi, na sehemu kubwa ya siku anatafuta tunda, analibangua, analitupa, anatafuta lingine. Alex, kasuku wa kijivu aliyefundishwa na mtafiti Irene Pepperberg kule Marekani, alijua maneno zaidi ya 100, rangi, maumbo na hesabu ndogo ndogo kabla ya kufa mwaka 2007. Ubongo wa namna hiyo wewe unaupa kijiti cha plastiki! Atashughulika na kitu pekee alichonacho, yaani mwili wake.

Na msidhani ni hisia zangu tu. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha matokeo ya kazi yao na kasuku wa Amazon. Waliolazimika kukitafuta chakula chao, na kupewa vitu vya kupanda na kutafuna, hawakujinyonyoa kama wenzao wa matundu matupu. Wale wa matundu matupu nao walipokuja kupewa vitu hivyo, wakapata nafuu.

"Watu hawana maji bombani, wewe unatuletea kasuku." Ndilo jibu nililopewa na rafiki yangu mmoja, tena msomi. Ebwana, nani kaomba hela yako? Tawi la mpera ni bure. Kata matatu manne yenye unene tofauti, kwa sababu kukalia kijiti kile kile kila siku kunamtia vidonda kwenye nyayo. Gunzi la mahindi lenye punje zake ni bei ya kutupa. Chakula kingine kifunge kwenye maganda ya mahindi au kifiche ndani ya kifuu cha nazi, afumue mwenyewe. Mpulizie maji aoge. Usiku mfunike alale gizani, asikeshe na tamthilia zenu. Alizeti peke yake si mlo, mpe na mboga za majani. Gazeti letu la jana tandika chini, lidake kinyesi (hapo ndipo kazi yangu inapoishia, nimezoea).

Penye gharama ni kwenye tundu. Liwe la pembe nne, akunjue mabawa yote mawili bila kugusa waya, na waya usiwe wa kupakwa zinki, maana atautafuna na zinki ni sumu kwake. Na msimuweke karibu na jiko. Vikaango visivyogandisha chakula, vikiunguzwa bila kitu ndani, hutoa hewa inayoua ndege ndani ya dakika chache.

Ila mnaoanza kupiga hesabu za kununua kasuku wa kijivu, acheni. Tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya hawa wa porini imepigwa marufuku. Huyo mnayeuziwa kichochoroni kaibwa msituni, na wengi wa wenzake walikufa njiani. Ninaowasema ni wenye ndege tayari.

Jumatano baba mdogo kanipigia. Ameingiza gunzi tunduni, ndege kapiga kelele mchana kutwa, kajibanza kona moja.

"Umeniharibia ndege, mwanangu."

Nikamwambia, baba, hawa wanaogopa kitu kigeni, lining'inize nje ya tundu siku mbili tatu alizoee kwanza. Akakata simu. Baadaye mama mdogo kanitumia picha: gunzi limefungwa kwa kamba nje ya tundu, na kasuku kageuza shingo analiangalia kwa jicho moja.

Jumamosi naenda na matawi ya mpera.