Mpangaji ni nani?

Kamusi zetu zinasema mpangaji ni mtu anayekaa katika nyumba ya mwingine na kulipa kodi. Nikitaka kueleza kwa Kiswahili kazi ya Melba Liston, sina neno jingine la karibu: alikuwa mpangaji wa muziki. Mwenzangu wa mwaka wa pili alipoisoma sentensi hiyo katika daftari langu alicheka, akauliza kama mama huyo alilipa kwa mwezi. Nilicheka pia. Lakini utani ule umenikaa kichwani, na ndio ulioniletea makala hii.

Melba Liston alizaliwa Kansas City, Marekani, mwaka 1926. Alipewa tromboni akiwa na miaka saba, mkono wake ukiwa mfupi kuliko bomba la kuvuta. Katika miaka ya 1940 aliingia orkestra ya Gerald Wilson huko Los Angeles, na baadaye akapiga na Dizzy Gillespie. Mwaka 1949 alisafiri na Billie Holiday katika majimbo ya kusini; safari ile ilivunjika vibaya, naye akaiweka tromboni chini, akafanya kazi ya ofisi katika idara ya elimu. Gillespie ndiye aliyemrudisha jukwaani mwaka 1956. (Tromboni, kwa wasioijua, ni shaba na zinki. Watoto wa Kolwezi na Kipushi wanaweza kuisikiliza kama watu wa ukoo.)

Katika maisha yake yote alitoa albamu moja tu kwa jina lake mwenyewe kama kiongozi, *Melba Liston and Her 'Bones*, iliyorekodiwa mwaka 1958. Kazi yake nyingine kubwa imo ndani ya sahani zenye majina ya wanaume. Mpiga piano Randy Weston alikuwa akimletea nyimbo. Yeye alikaa mezani na kalamu, akaamua tarumbeta iingie wapi, filimbi inyamaze lini, ngoma zipewe nafasi gani. Kwa adabu zote niseme kwamba Weston hakumficha. Alimtaja hadi uzeeni. Lakini kwenye jalada la mbele jina lililoandikwa kwa herufi kubwa ni moja.

Sahani inayotuhusu sisi ni *Uhuru Afrika*, iliyorekodiwa New York mnamo Novemba 1960. Liston aliipangia orkestra ya watu zaidi ya ishirini. Langston Hughes aliandika shairi la uhuru, na Weston alitaka lisikike kwa lugha ya Afrika. Aliuliza watu waliokuwa Umoja wa Mataifa, wakamwelekeza Kiswahili. Mtanganyika Tuntemeke Sanga ndiye aliyelitafsiri na kulisema kwa sauti yake mwanzoni mwa sahani. Sehemu mbili kati ya nne zina vichwa vya Kiswahili: Uhuru Kwanza na Kucheza Blues. Hicho cha pili kingetosha darasa zima la semantiki, maana sisi hupiga ngoma na hucheza ngoma, na anayecheza si yule anayepiga. Utawala wa ubaguzi wa Afrika Kusini uliipiga sahani hiyo marufuku.

Fikiria tarehe. Kongo ilikuwa huru tangu Juni 30. Katanga ilikuwa imetangaza kujitenga tangu Julai 11, na shaba ya Union Minière ilikuwa sehemu kubwa ya sababu. Lumumba alikuwa amezuiliwa nyumbani Léopoldville. Redioni watu walikuwa wakisikiliza African Jazz, maana kwetu neno jazz lilikuwa jina la orkestra za rumba. Mwezi huohuo, ng'ambo ya bahari, mwanamke mweusi ambaye Kiswahili hakikuwa lugha yake alikuwa akitengeneza ala zaidi ya ishirini ziufuate wito uliotolewa kwa Kiswahili.

Mwalimu mmoja ninayemheshimu aliniambia kwamba hayo yote ni mazuri, ila si fasihi ya Kiswahili, na kwamba Kiswahili cha Sanga ni cha Tanganyika, hakihusiani na hiki chetu kilichokua katika kambi za wafanyakazi wa migodi. Hoja ya pili naikubali nusu. Hoja ya kwanza siikubali kabisa. Tunafundishwa wimbo *Masanga* wa Jean-Bosco Mwenda, uliorekodiwa Jadotville mwaka 1952, kama matini ya Kiswahili cha Katanga, na hakuna anayelalamika kwamba una gitaa ndani yake. Shairi la Hughes lililotafsiriwa na Sanga ni tafsiri ya kifasihi yenye mwaka, mfasiri na sauti. Somo la tafsiri linahitaji nini zaidi?

Nadhani kinachotusumbua ni kitu kingine. Tumezoea kumtafuta mtunzi mmoja. Mfasiri, mpangaji, aliyenukuu, aliyesahihisha, wote tunawaona kama watu waliokodi chumba. Mwaka jana nilisikiliza saa kumi na moja za sauti za wazee wa migodini na kuziandika neno kwa neno, na mikato yote ya Kiswahili chao, kwa ajili ya kazi ya mtu mwingine. Nilibishana na nafsi yangu siku mbili juu ya neno moja ambalo mzee alilimeza. Kazi ilipotoka, ilikuwa nzuri kweli. Jina langu halikuwamo, hata kwenye shukrani. Sikuibiwa, nilijua ninafanya nini. Lakini mabishano yale ya siku mbili sasa ni uamuzi wa mtu ambaye hakuwahi kuusikia mkanda.

Wengi wetu tutaishi kwa kazi ya namna hiyo. Tutatafsiri mikataba ya kampuni za migodi, tutakalimani mahakamani, tutanukuu hadithi za bibi zetu. Kwa hiyo naomba mambo mawili. *Uhuru Afrika* iingie katika somo la tafsiri mwaka ujao, isikilizwe darasani kabla ya kuelezwa. Na kila tasnifu ya kitivo iwe na mstari, katika ukurasa ule wa jina la mwandishi na la msimamizi, wa waliotafsiri na walionukuu.

Kuhusu neno, rafiki yangu wa mwaka wa pili amependekeza mpangiaji, yaani anayewapangia wengine. Kamusi haijalipokea. Mimi nimeanza kulitumia.