Usiipokee Hiyo Meza



Tangu Jumatatu kuna picha inazunguka kwenye makundi yetu ya WhatsApp: meza ya kulia ya marumaru kutoka Italia, ya miaka ya 1970, inauzwa kwa watu wanaokusanya vitu vya kale. Chini yake mmejaza "Napokea!" na "Amina, ni yangu kwa jina la Yesu!" Amina hizo zimezidi gorogoro za mahindi tulizopata tulipowaombea wajane chakula.

Sasa wewe uliyeandika "napokea", keti hapa kidogo tuongee. Unapokea nini hasa?

Mojawapo ya meza hizi zinazotafutwa sana ilibuniwa mwaka 1971 na msanifu wa Milan, Angelo Mangiarotti. Mguu wake ni koni ya jiwe, bamba la juu lina tundu, na bamba likishuka juu ya mguu linakazwa na uzito wake lenyewe, bila msumari wala gundi. Ni kazi ya akili, siidharau. Akili hutoka kwa Mungu. Lakini jina aliloipa ni Eros, mungu wa mapenzi wa Wayunani. Ninyi mnaokemea kila kinyago mnachokiona dukani, hiyo mmeipokea kwa jina la Yesu.

Tuendelee. Bamba la marumaru la mita mbili kwa moja, unene wa sentimita tatu, lina zaidi ya kilo 150. Hapo unakaribia magunia mawili ya mahindi, na miguu bado. Pamoja na uzito huo wote, jiwe lenyewe linashindwa na limau. Siki ikidondoka, au nyanya, hata maziwa lala yakiachwa juu yake, mng'aro unalika na alama inabaki. Mafuta nayo yanazama ndani. Na kwa mkusanyaji, alama ni hasara.

Haya, iweke nyumbani kwako Kiminini, au kule Kanduyi. Wageni wamefika kutoka matangani, kuku ameiva, murere uko kwenye bakuli, watoto wameshika vikombe vya chai. Utawaketisha hapo? Utaifunika kitambaa cha krosheti, juu ya kitambaa utaweka nailoni, halafu utawaambia watoto wakalie jikoni. Umenunua meza ya kulia ili watu wasile juu yake.

Mambo haya hamkuyaokota njiani. Mmefundishwa. Kuna wahubiri wanaokuja kwetu mahindi yakishauzwa, na wanafundisha kwamba kibali cha Mungu huonekana sebuleni; kwamba ukikiri kitu cha bei ghali na kupanda mbegu, Mungu hana budi kukuletea. Nasema bila kuzunguka: hiyo ni tamaa iliyofundishwa kusema amina. Mbegu uliyopanda ilikuwa karo ya Januari, na aliyevuna ni yeye.

Fungua Esta 1. Mfalme Ahasuero anaonyesha utajiri wake siku 180, kisha anafanya karamu ya siku saba penye nguzo za marumaru na sakafu ya marumaru. Karamu iliishia wapi? Iliishia kwa mfalme mlevi kutaka mke wake aletwe watu wamtazame, kama chombo kingine cha nyumba.

Ukitoka hapo nenda Ufunuo 18:12-13, usome orodha ya bidhaa za Babeli. Marumaru imo. Usiishie katikati ya orodha, soma hadi bidhaa ya mwisho: wanadamu. Yohana hakuwa anabahatisha. Milima ya Carrara, inakotoka marumaru maarufu ya Italia, ilichimbwa tangu enzi za Warumi, na kati ya waliochimba walikuwemo watumwa. Wachache walijengewa majumba ya jiwe hilo, na wengine walivunjika migongo wakilichonga.

Najua mtanijibu. Mmoja atasema, "Mchungaji, hata Daudi alikusanya marumaru." Kweli, 1 Mambo ya Nyakati 29. Aliikusanya kwa ajili ya nyumba ya Mungu, akaongeza na hazina yake mwenyewe. Haikuwa ya chumba chake cha kulia. Na mezani pake Daudi alimketisha nani? Mefiboshethi, mlemavu wa miguu yote miwili, mjukuu wa Sauli aliyetaka kumuua.

Mwingine, na huyu ni mwerevu, ataniita Yuda. Si Yuda ndiye aliyelalamika kwamba marhamu ya Mariamu ingeuzwa, pesa wapewe maskini? Hoja hiyo nimeisubiri. Mariamu alimimina! Kitu cha thamani ya karibu mshahara wa mwaka mzima wa kibarua kiliishia kwenye miguu ya Yesu, hakikubaki cha kuuza. Mkusanyaji hamimini. Anatunza, anapangusa, anangoja bei ipande. Ukiwa na kitu cha ghali na uko tayari kitumike mpaka kiishe kwa ajili ya Bwana na watu wake, sina neno nawe. Tena Yuda ndiye aliyeshika mfuko, na alikuwa akiiba humo. Kabla hujanitupia jina lake, angalia ni nani ameshika bahasha zako.

Sijasema kukusanya ni dhambi. Hapa Kitale, Kanali Stoneham alikusanya wadudu, ndege na vitabu kwa miaka mingi, akafungua makumbusho yake mwaka 1926. Alipofariki aliacha mkusanyiko wake na fedha za kujenga jengo jipya, likafunguliwa mwaka 1974, na mpaka leo watoto wa shule wanaingia kutazama. Wala sijasema ukalie mkeka. Ukitaka meza, mafundi wetu wa jua kali, wa Kitale na wa Bungoma, watakuchongea ya mbao, ya watu kumi, na pesa yako italipa karo ya mtoto wa hapa hapa. Chai ikimwagika, unapangusa.

Jumapili hii baada ya ibada, Kitale tunakula pamoja nje, kwenye zile meza na mabenchi ya shule ya Jumapili. Bungoma ni Jumapili inayofuata. Kila aliyeandika "napokea" alete gorogoro mbili za mahindi au maharagwe za wajane, na aje na mtu mmoja asiyeweza kumrudishia mwaliko, kama Luka 14 inavyoagiza. Nimewaambia wahudumu wageni hao ndio waketi kwanza, sisi tuwapakulie. Sahani hazitoshi, kwa hiyo beba yako.