MAPENZI YA MAIGIZO: WAZAZI, MNAJUA VIJANA WENU WANASOMA NINI?



Ndugu Waislamu, kuna aina ya riwaya inayopendwa mno na vijana wetu, na wengi huisoma kwenye simu usiku wazazi wakiwa wamelala. Kisa ni kile kile. Wanamichezo wawili, mvulana na msichana, wanakubaliana kujifanya wapenzi. Mmoja ameharibu jina lake na anaogopa kukimbiwa na wadhamini. Mwingine anataka kumtia wivu aliyemwacha. Wanashikana mikono mbele ya kamera, na kitabu kikifika katikati uongo umegeuka mapenzi ya kweli.

Soko lake ni kubwa. Katika The Deal ya Elle Kennedy (2015), nahodha wa hoki ya barafu anajifanya mpenzi wa msichana anayemsaidia masomo, ili kijana mwingine aone wivu. Katika To All the Boys I've Loved Before ya Jenny Han (2014), ambayo Netflix iliionyesha kama filamu mwaka 2018, mvulana mcheza lakrosi na msichana wanaandikiana mpaka mkataba wa mapenzi ya kuigiza!

Hatusemi kwamba hadithi hizi hazina jema hata moja. Nyingi zinaonyesha kijana anayeamka alfajiri kufanya mazoezi, anayeumia, anayeshindwa na kurudi tena uwanjani. Hilo ni zuri. Ugomvi wetu ni na mzizi wake: kwamba uongo ni mlango halali wa mapenzi, mradi mwisho uwe mtamu.

Wanafunzi wetu hutujibu, "Ustadhi, wamemdhuru nani?" Tunawauliza nao: na wazazi waliodanganywa? Na wachezaji wenzao? Na yule anayetiwa wivu makusudi, kana kwamba moyo wake ni mpira wa kupigwa teke? Wengine husema uongo wa mapenzi umeruhusiwa. Ruhusa hiyo imekuja kwa mume na mke, maneno ya kulainisha nyumba iliyokwisha kujengwa. Haikuja kwa vijana wawili wasio na nyumba, wanaouhadaa mji mzima.

Tena Uislamu umeziba mlango huu mapema. Katika Hadithi waliyoipokea Abu Dawud, Tirmidhi na Ibn Majah, Mtume (SAW) ametufundisha kwamba nikaha, talaka na kumrejea mke, mzaha wake huhesabiwa kuwa kweli. Kwa nini? Kwa sababu heshima ya mtu si kitu cha kuchezea. Riwaya zenyewe zinashuhudia hivyo bila kujua, maana hakuna hata moja ambamo maigizo yamebaki maigizo! Aliyeshika mkono kwa mzaha ameishia kunaswa kweli.

Lakini enyi wazazi, msikimbilie kunyang'anya simu. Mtoto aliyenyang'anywa kitabu bila maelezo atakitafuta kwa rafiki yake. Ulizeni kisa kinahusu nini. Sikilizeni. Kisha wapeni kisa kilicho bora.

Nacho tunacho! Amepokea Abu Dawud kwamba Bibi Aisha (RA) alishindana mbio na Mtume (SAW) wakiwa safarini, akamshinda. Baadaye, mwili wake ulipoongezeka, Mtume akamshinda yeye, akamtania kwamba sasa wamelipana. Na katika riwaya ya Imam Ahmad, Mtume aliwaambia watu watangulie kwanza ndipo wakakimbia.

Zingatieni tofauti. Wale wa riwaya huita kamera ili waonekane wanapendana, na wakibaki wawili hawana kitu. Hawa waliwatanguliza watu, wakabaki na mapenzi yao. Michezo ipo, mbio zipo, utani upo, na ndoa ipo. Kijana wetu akikijua kisa hiki, atajua pia cha kumjibu rafiki anayemwambia kwamba dini haijui mapenzi.

Wabillahi tawfiq.