Ufisadi Usio na Mwizi

Wapo watakaoshangaa kusikia kwamba mhadhiri wa isimu ametumia likizo yake akijenga miji ndani ya kompyuta. Sikani. Mwanafunzi wangu mmoja aliandika katika insha yake kwamba ufisadi husababishwa na umbali wa mji kutoka makao makuu ya utawala. Nilipomdai ushahidi, alinitajia Civilization III, mchezo uliotolewa mwaka wa 2001. Ikanibidi niucheze.

Mchezo huo huenda kwa zamu, kama bao. Mchezaji huanza na mji mmoja, nao hukua kadiri chakula kinavyozidi mahitaji ya wakazi. Mji usiopakana na mto wala ziwa hukwama katika kiwango cha 6 mpaka ujengewe mfereji wa maji. Ukifika 12 hukwama tena mpaka upate hospitali. Hapo nilicheka peke yangu. Nairobi haijawahi kungoja mfereji ndipo iongeze wakazi.

Ufisadi nao hukokotolewa. Kila zamu mji hupoteza sehemu ya mapato na ya nguvu za uzalishaji, na hasara huongezeka kadiri mji ulivyo mbali na kasri la mtawala na kadiri miji yake inavyozidi kuwa mingi. Aina ya serikali huongeza hasara hiyo au kuipunguza. Tiba ni mahakama, ama kasri la pili linalojengwa mbali na lile la kwanza. Lakini mahakama hutegemea nguvu za mji uleule unaofyonzwa, isipokuwa mtawala akubali kuigharimia kutoka hazina. Kwa hiyo mji wa pembezoni, wenye haja kubwa kuliko yote, ndio unaokawia kuipata. Nakiri kwamba jambo hilo limeelezwa humo kwa ufasaha ambao tume nyingi za uchunguzi hazijaufikia.

Hata hivyo, kuna jambo lililoniudhi, nalo ni la kisarufi. Katika mchezo huu fedha hupotea tu. Kitenzi "kupotea" hakina nafasi ya mtenda. Tukisema fedha "zimeibwa," msikilizaji ana haki ya kuuliza: na nani? Tukisema "zimepotea," swali hilo limezikwa kabla halijazaliwa. Hakuna waziri, hakuna karani, hakuna mfanyabiashara. Kuna umbali peke yake.

Sisi tunajua vingine. Kashfa ya Goldenberg, ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, haikutokea mpakani. Fidia ya mauzo ya dhahabu na almasi ambayo hayakufanyika ililipwa na serikali papa hapa Nairobi, mwendo mfupi kutoka Ikulu. Na serikali 47 za kaunti, zilizoanza kazi mwaka wa 2013, ni mfano wa yale makasri ya pili: mamlaka yalisogezwa karibu na mwananchi. Umbali umepungua, lakini ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu zimeendelea kuhoji matumizi ya kaunti.

Mwanafunzi wangu hakukosea kuucheza mchezo huo. Alikosea kuazima kitenzi chake. Nilimrudishia insha yake juzi, na kila palipoandikwa "zilipotea" nimeandika pembeni, kwa wino mwekundu: na nani?