Mwanga ambao mtoto haoni

Mtoto akichora upinde wa mvua humalizia na rangi ya urujuani. Mzazi anaweza kumwongezea jambo moja: mwanga hauishii hapo. Baada ya urujuani kuna miale ambayo jicho halioni, iitwayo urujuanimno. Vitu vyenye joto kali sana huitoa kwa wingi.

Mfano uko mbali, kwenye AM Herculis. Hizi ni nyota mbili zinazozungukana kila baada ya saa 3 na dakika chache. Moja ni nyekundu na hafifu. Ya pili ni kibete nyeupe, yaani kiini kilichobaki baada ya nyota kuzeeka. Ukubwa wake ni kama wa Dunia, lakini sumaku yake ina nguvu mara mamilioni kuliko ya Dunia. Gesi inayotoka kwa nyota nyekundu huelekezwa na sumaku hiyo hadi kwenye ncha ya kibete. Inapogonga hapo, joto hupanda sana.

Wataalamu walijuaje? Tabaka la ozoni huzuia sehemu kubwa ya urujuanimno isifike ardhini, kwa hiyo darubini ilibidi ipelekwe juu. Setilaiti ya IUE ilirushwa mwaka 1978 ikitarajiwa kudumu miaka 3, ikafanya kazi hadi 1996. Ilionyesha mwanga wa kibete ukipanda na kushuka kwa mpangilio, kwa sababu doa la joto huja mbele na kujificha nyota inapozunguka. Doa lenyewe halikuonekana kwa jicho. Lilijulikana kwa kupima mwanga.

Somo hili lina kazi hapa mtaani. Fundi anapochomelea chuma, moto wake hutoa urujuanimno, na kati yake na mtoto anayetazama hakuna ozoni ya kutosha kuuzuia. Mtoto haumii papo hapo, ndiyo maana haamini onyo. Saa kadhaa baadaye, mara nyingi usiku, macho huwa mekundu, hutoa machozi na kuuma kama yameingia mchanga. Hapo asiyafikiche, apelekwe kituo cha afya.

Kumwambia tu "utapofuka" humtisha kwa siku moja. Akielewa kwamba kuna mwanga unaoumiza bila kuonekana, atageuza uso mwenyewe hata mzazi asipokuwepo.